Krismasi Bagamoyo: upike nyumbani au ule na jumuiya?

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, yana Jumapili nne, na ikifika ya pili suala huwekwa mezani kwenye jumuiya nyingi, yaani vikundi vya waumini wa kanisa moja mtaani, hapa Bagamoyo: mwaka huu Noeli tunakula pamoja, au kila mtu kwake? Mwenyekiti anataka idadi ya watu ili apange mchango. Mama mwenye nyumba anapiga hesabu kimyakimya, maana fedha ni ile ile moja. Ikienda kwenye turubai na mbuzi wa jumuiya haitarudi kununua kuku wa nyumbani, na mbele yake kuna Januari yenye sare na madaftari. Anayeweza kufanya yote mawili kwa ukamilifu ayafanye na Mungu ambariki. Haya ninayoandika ni ya sisi wengine, ambao lazima kimoja kiwe kikubwa na kingine kiwe kidogo.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mji kama huu, nyumba iliyoacha mlango wazi siku ya tarehe 25 inafika kwa watu wengi kuliko turubai la jumuiya. Lakini wapo ambao kwao turubai ndilo jibu, tena si wachache, na nitawataja.

Misa haimo kwenye mzani

Ukila kwako au ukila na wenzako, misa ya mkesha wa tarehe 24 na ile ya asubuhi ya tarehe 25 ziko pale pale. Walutheri na Waanglikana nao wana ibada zao. Kwa familia yenye watoto wadogo ningechagua asubuhi. Mkesha una utamu wake, kwaya zinakuwa zimejiandaa tangu Novemba, ila mtoto aliyelala begani haoni kitu, na kesho yake anaamka na kisirani. Asubuhi analiona pango vizuri, anawahesabu kondoo, anauliza kwa nini mtoto Yesu amelazwa kwenye majani makavu.

Desturi ya pango hukumbukwa kuanzia Greccio, Italia, mwaka 1223, pale Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa hori na kuleta ng'ombe na punda ili watu wa kijijini waone kwa macho yao yale waliyokuwa wakiyasikia tu. Ndiyo maana napenda sana pango la nyumbani, hata likiwa la boksi la sabuni, makuti na wanyama waliofinyangwa kwa udongo na watoto wenyewe. Liwekwe barazani, lisifichwe sebuleni. Watoto wa jirani watakuja kulitazama, nao watauliza maswali yao.

Sherehe ya jumuiya inavyokwenda

Aliyewahi kuamka saa 10 alfajiri kupikia jumuiya anajua raha yake. Kinamama wamekaa kwenye mbuzi za kukunia nazi na vigoda, mmoja anamenya vitunguu saumu, mwingine anachambua mchele kwenye ungo, wa tatu anasimulia habari ambayo hataisimulia penginepo. Vijana wanashusha viti vya plastiki kutoka kwenye guta. Kinababa wanafunga turubai, halafu wanalifunga upya kwa sababu upepo wa kaskazi umeshaanza na kamba hazikukazwa. Mwezi wa 12 joto la hapa si la mchezo, kwa hiyo kivuli ni jambo la kwanza, kabla hata ya chakula.

Faida ya kwanza ni hiyo kazi kugawanyika. Faida ya pili ni bei: mchele ukinunuliwa kwa gunia, mbuzi wakichukuliwa mnadani badala ya nyama ya kilo buchani, chakula cha mtu mmoja kinashuka. Lakini hesabu hiyo haikamiliki bila vitu vya kukodi. Turubai, viti, spika, masufuria makubwa, vyote hivyo ndivyo vinavyogombaniwa Desemba, maana harusi ni nyingi na kila mtaa una shughuli. Nimeona mchango ambao nusu yake imeishia kwenye muziki. Kabla hujasema sherehe ya pamoja ni nafuu, muulize mweka hazina kiasi gani kinaingia kwenye sufuria.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Mchango wenye kiwango huwafungia nje watu wale wale tuliowakusudia. Familia ambayo mvuvi wake hajapata kitu kwa wiki mbili haitakuja kusema haina. Itasema ina mgeni, au mtoto ana homa, na siku ya sikukuu itajifungia ndani isikie spika kutoka mbali. Kama jumuiya yako imeamua kula pamoja, basi mchango uwe wa kitu chochote mtu alicho nacho: nazi tatu, fungu la kuni, ndimu, mikono ya kuosha vyombo. Na daftari la waliotoa lisisomwe hadharani, hata kwa nia njema ya kuwashukuru.

Kwa nini Bagamoyo inaijua meza ya pamoja

Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakaanzisha Misheni hapa, na kijiji kilichokua kuizunguka kilijaa watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa watoto na watu wazima waliotenganishwa na ndugu zao, wengi wao wakiwa hawana tena njia ya kurudi walikozaliwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Watu hao hawakuwa na nyumba ya bibi ya kwenda kula sikukuu. Waliokaa nao kwenye benchi moja kanisani ndio waliokuwa ndugu zao.

Kwa hiyo ninapoitetea sherehe ya jumuiya, nawafikiria warithi wa hali ile. Siku hizi ni mwanafunzi wa Chuo cha Sanaa aliyekosa nauli akabaki chumbani peke yake. Ni mwalimu aliyepangiwa kazi hapa akitokea Kagera au Rukwa. Ni dada wa kazi ambaye hakuruhusiwa kwenda kwao, mlinzi wa hoteli mwenye zamu ya usiku, mzee mjane ambaye wanawe wako Dar na simu zao huishia kwenye kutuma hela. Kwa watu hawa, kusema "kila mtu kwake" ni kuwaambia wale peke yao. Kama jumuiya yako ina wengi wa namna hii, na mitaa ya wapangaji mara nyingi ndivyo ilivyo, chagua turubai na usisite.

Nyumbani: sahani ndiyo inayotembea

Sasa upande wa pili. Mji huu una Waislamu wengi, na umekuwa hivyo karne nyingi kabla ya Misheni. Magofu ya msikiti wa Kaole huhesabiwa kuwa ya karne ya 13. Mkristo wa Bagamoyo anaishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu, mara nyingi ni shemeji yake au mjomba wa wanawe. Idi wanamletea sinia la biriani lililofunikwa kawa. Krismasi ni zamu yake. Hapo ndipo sherehe ya jumuiya inapopungukiwa: inakusanya Wakristo, tena wa kanisa moja, na kuwaondoa mtaani siku ile ile ambayo mtaa unawatazamia.

Fikiria watoto. Tarehe 25, kuanzia saa 4 asubuhi, wanapita makundi makundi, wa dini zote, wamevaa nguo zao nzuri. Wanabisha hodi, "shikamoo bibi, tunaomba sikukuu." Wanapewa soda, andazi, au sarafu, wanaendelea mbele. Wakikuta kufuli mlangoni kwa sababu wenye nyumba wako kwenye turubai upande wa pili wa mji, wanajifunza kwamba sikukuu ya nyumba hii si yao. Jambo hilo mtoto halisahau haraka.

Ili sahani iliwe kule iendako, kuna la kufanya kabla ya moto kuwashwa. Kuku au mbuzi achinjwe na jirani Mwislamu. Mwiteni mapema, jioni ya tarehe 24 au alfajiri, aje na kisu chake, na mpeni heshima yake. Jambo hili ni dogo, lakini bila hilo sahani itapokelewa kwa tabasamu na kumwagwa nyuma ya nyumba. Wanaokula kitimoto wapike siku nyingine, kwa sufuria nyingine. Bia zikiwepo zisikae kwenye meza ya wageni. Sherehe ya jumuiya nayo inaweza kuchinjisha hivyo, na mara nyingi hufanya, ila jirani wa Kiislamu haji chini ya turubai la kanisa kwa wepesi ule ambao anapokea sahani mlangoni kwake.

Pilau ya kupeleka kwa watu haitaki haraka. Nyama ichemshwe kwanza na tangawizi na chumvi, supu ihifadhiwe. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo, na ukiviacha viungue uchungu hauondoki tena. Vifuate vitunguu saumu vilivyotwangwa, halafu bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, moto ukiwa wa wastani mpaka jirani aanze kuuliza mnapika nini. Nyama iingie, supu iingie, na ikichemka mchele uliooshwa na kuchujwa uingie. Maji yakikaukia, punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Mchele kilo tatu na nyama kilo mbili na nusu zinatosha watu kumi na wawili wa nyumbani na sahani za nyumba nne au tano. Kachumbari ikatwe mwisho, muda wa kupakua. Na kwa kuwa Desemba ni msimu wa maembe, juisi ya embe au ya ukwaju inaokoa fedha ambayo ingekwenda kwenye kreti za soda.

Kuna jambo la kalenda pia, na wazee wanalikumbuka. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia mwishoni kabisa mwa mfungo, Idi ikafuata ndani ya siku mbili hivi. Mwishoni mwa mwaka 2030 Krismasi na Ramadhani zitakaribiana tena. Wakati huo sahani haiendi adhuhuri, inasubiri Magharibi iwe futari, na watoto wa nyumbani wanafundishwa wasile soda barabarani mchana. Nyumba inaweza kujirekebisha hivyo bila kikao. Turubai lenye spika saa 7 mchana haliwezi kwa urahisi.

Uzito unaoangukia mtu mmoja

Hoja kubwa dhidi ya sikukuu ya nyumbani ni ya kweli, na sitaipita kwa haraka: anayechoka ni mwanamke. Anapika tangu alfajiri, anapakua, anakaribisha, anaosha, na jioni anaulizwa kwa nini hakuvaa kitenge kipya. Kinamama wengi wanaipenda jumuiya kwa sababu hii hasa, kwamba angalau siku moja hawako jikoni peke yao. Wana haki.

Kwa hiyo ninaposema chagua nyumbani, nasema kwa sharti. Chakula kiwe kimoja: pilau, kachumbari, tunda. Si pilau na wali wa nazi na chapati na samaki wa kupaka na maandazi. Baba ashughulikie kuku, mkaa na maji. Watoto wakubwa wapeleke sahani, na hiyo ni kazi watakayoigombania. Vyombo vioshwe na waliokula bila kupika. Kama nyumbani kwako mgawanyo huo hauwezekani, yaani unajua wazi kwamba hautatekelezwa, basi nenda kwenye turubai, mama. Hakuna fadhila katika kuugua tarehe 26.

Mapambo hayana haja ya gharama upande wowote. Tawi la mvinje linashinda mti wa plastiki kwa harufu na kwa sura. Liombeni kwa mwenye shamba au kwa anayepogoa uani, msikate iliyoko ufukoni, kwa sababu mizizi yake inashika mchanga ambao bahari inauchukua kila mwaka. Karatasi za rangi, puto chache, inatosha.

Ufuko, na safari ya kwetu

Wapo wanaoona jibu liko baharini. Tarehe 25 na 26 ufuko wa Bagamoyo hujaa, magari yanatoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi tu, na muziki haukomi. Vijana waende, lakini si mahali pa kupeleka familia nzima kwa siku kuu yenyewe. Watoto hupotea kwenye umati, na wasiojua kuogelea huvutwa na maji yanapotoka. Siku ya 27 ufuko ni ule ule na kuna nafasi ya kutandika mkeka.

Kuhusu kwenda kwetu, Moshi au Bukoba au Songea, anayeweza aende. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi ni pilau ya mtaa mzima, kwa hiyo hilo liamuliwe kwa sababu ya wazazi walio hai, si kwa sababu ya sikukuu peke yake.

Ningechaguaje

Mwenye wazee au mgonjwa nyumbani abaki nyumbani. Kumsafirisha bibi kwenye bajaji hadi kwenye turubai akae kwenye kiti cha plastiki masaa sita si kumfurahisha. Mwenye watoto wadogo na majirani wa dini mchanganyiko, vilevile nyumbani. Wanandoa wapya ambao hawana mtoto na wanaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga watafaidi zaidi kwenye jumuiya, na mikono yao inahitajika huko. Aliye peke yake asijadili: aende kwa watu. Aliyefiwa mwaka huu ndiye mgumu kumshauri. Wengine wanataka kelele ziwazibie ukimya, wengine hawawezi kusikia wimbo wa Noeli bila kulia. Aulizwe yeye mwenyewe, asiamuliwe na kikao.

Na kwa jumuiya zenyewe nina ombi. Iacheni tarehe 25. Wekeni mlo wa pamoja Jumapili inayofuata Noeli, ambayo kwa kawaida ndiyo sikukuu ya Familia Takatifu. Msimu wa Noeli haujaisha hapo, unaendelea hadi Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, na waliokwenda misa wote wapo. Vitu vya kukodi huwa rahisi kupatikana zaidi, kinamama wameshapumzika, na anayependa kumleta jirani yake wa Kiislamu anaweza, maana naye hana shughuli ya nyumbani siku hiyo. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, wacheze igizo lao pale, mbele ya wazazi wasiosinzia.

Hapo linabaki pengo la tarehe 25 yenyewe kwa wale wasio na mtu. Pengo hilo linazibika kwa daftari. Katibu aandike majina yao mapema: mjane, mwanafunzi, mlinzi, dada wa kazi, mwalimu mgeni. Kila nyumba inayopika ichukue jina moja, imwendee mtu huyo na kumwalika kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu kwenye kundi. Kilo tatu za mchele hazitambui mgeni mmoja zaidi. Orodha hiyo iwe tayari kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio, kwa sababu tarehe 24 hakuna atakayeishughulikia. Mchana wote tutakuwa sokoni tunatafuta vitunguu.